Damu Iliyokaushwa Uchanjani

Kefa Nyagawa alikuwa mtu wa kujua mambo, na shida yake kubwa ni kwamba alijua kuwa anajua. Darasa la pili, pale shule ya misheni, alikuwa akiwasahihisha walimu. Alipokua akahamia kwa wazee wa kanisa. Shangazi yake Oktavia, aliyemlea Mjimwema, pale Njombe, baada ya mama yake kufariki, alizoea kuwaambia majirani kwamba mtoto huyu angezaliwa na meno angemsahihisha hata mkunga. Alisema hivyo kwa kujigamba, maana kwa shangazi hakukuwa na kichwa kama cha Kefa kuanzia Njombe mpaka mwisho wa barabara.

Kichwa hicho kweli kilimfikisha mbali. Alianza kwa kuosha chupa katika maabara ya hospitali ya serikali, akawa anachungulia hadubini kila wakubwa walipokwenda kunywa chai. Siku moja mkubwa wa maabara alirudi mapema, akamkuta ameinama, jicho limeganda kwenye hadubini. Badala ya kumfukuza akamuuliza anaona nini. Kefa akamwambia, tena akamwongezea na idadi. Ndiyo ikawa safari. Akapelekwa Dar es Salaam kusomea cheti cha kwanza, akarudi, akasoma damu na choo cha wagonjwa kwa miaka minne. Mwaka 1953 akachaguliwa kuingia kozi ya juu ya utafiti. Walikuwa wanafunzi sita Tanganyika nzima, na kutoka Njombe alikuwa peke yake.

Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni darasani Dar es Salaam: kupasua mbu na kutafuta tumbo lake chini ya hadubini, kuhesabu chembe za damu, kupiga hesabu za asilimia, kuandika ripoti kwa Kiingereza ambacho Kefa alikila usiku na mchana pamoja na kamusi. Mwaka wa pili unatumwa kwenu, na swali lako moja, ukalijibu mwenyewe. Ukilijibu vizuri unakuwa mtafiti msaidizi, mtu wa kuandikwa jina. Ukiharibu unarudi kwenye chupa.

Mkuu wa kozi alikuwa Daktari Ludlow, Mwingereza mrefu, mwembamba, asiyecheka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kuweza kukugombeza barabara. Kanuni yake ilikuwa moja: andika ulichokiona. Mwaka uliotangulia alimfukuza mwanafunzi hodari kuliko wote kwa sababu ya kupika takwimu. Kijana yule alikuwa amejaza majibu ya vioo vya damu ambavyo hakuwahi kuvisoma. Ludlow aligundua kwa sababu takwimu zilikuwa nzuri mno. Hakupiga kelele, alimpa tu nauli na barua. Kefa alikuwepo siku hiyo, na barua ile hakuisahau.

Swali alilopewa Kefa lilihusu barabara. Vijana wa Njombe walikuwa wakienda kukata mkonge Kilosa na Tanga kwa mamia, wengine na wake zao, wakirudi kwa magari yaliyowashusha Makambako. Huko mkongeni malaria ilikuwa tele. Je, ilikuwa inaishia Makambako magari yanaposimama, au ilikuwa inapanda na watu mpaka Njombe? Kefa alitakiwa kuchukua damu za watoto wa shule mbili, moja Makambako na moja Mjimwema, azisome, alete jibu.

Kefa alilipokea swali hilo akitabasamu kwa ndani. Jibu alikuwa nalo tayari! Njombe hakuna malaria. Kila Mbena, mwenyeji wa Njombe, alilijua hilo. Baridi ile mbu gani ataistahimili? Kilichobaki ni kutimiza taratibu na kuandika.

Makambako kazi ilikwenda vizuri. Alifikia kwa Filbert, dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, mtu mcheshi mwenye tumbo la heshima, aliyempa chumba cha nyuma na meza karibu na dirisha. Kwa kila mtoto alitoboa kidole, akadondosha tone nene la damu kwenye kipande chembamba cha kioo, akakiacha kikauke. Upepo wa Makambako unajulikana. Kabla hajafika kwa mtoto wa tatu, kioo cha wa kwanza kilikuwa kimekauka. Alisoma vyote, akapata watoto tisa wenye wadudu wa malaria, akaandika.

Kisha akapanda Njombe. Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Njombe si wa mchezo: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Ijumaa alichukua damu za watoto sitini na wawili wa shule ya Mjimwema. Watoto walipanga mstari wakitetemeka, naye akawatania kwamba sindano ndogo hivyo haitetemeshi mtu. Jioni vioo vilikuwa bado vibichi, kana kwamba damu imetoka sasa hivi. Alivipepea kwa daftari, wapi.

"Si uvipandishe uchanjani?" akasema shangazi Oktavia, huku akisonga ugali.

Uchanja ulikuwa juu ya meko, fito zilizosukwa na kuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Ndiko familia nzima ilikokaushia kila kitu: mahindi ya mbegu, maharage, nepi za watoto, hata madaftari ya Kefa mwenyewe enzi akirudi shule amelowa. Ukianika shati nje Jumatatu mwezi wa sita, Jumapili unaingia nalo kanisani likiwa bado lina unyevu. Kefa hakuwaza mara mbili. Alivipanga vioo uchanjani kwa mistari iliyonyooka, shangazi akaongeza kuni, na asubuhi vilikuwa vimekauka safi kabisa. Akavifunga kwenye sanduku, akapanda lori la Jumamosi kurudi Makambako kwenye hadubini yake.

Jumatatu akavitia rangi. Tone nene likiingizwa kwenye rangi, wekundu wa damu huyeyuka na kutoka, likabaki jeupe, na wadudu, kama wamo, wakaonekana. Safari hii hakuna kilichoyeyuka. Alisubiri robo saa, nusu saa. Matone yalibaki palepale, ya kahawia, yamegandamana na kioo kama ukoko chini ya sufuria. Akaweka kioo kimoja kwenye hadubini, akaona giza. Akaweka cha pili, cha tatu, cha kumi.

Hapo ndipo alipoelewa. Moto! Joto la meko lilikuwa limeipika ile damu, na damu ikishapikwa haitoi tena siri yake. Mwalimu wao Dar es Salaam hakuwahi kuwaonya, na hakuwa na kosa. Dar es Salaam unaweka tone, unafuta jasho, limekauka. Mtu wa joto angewezaje kuota kwamba kuna watu duniani wanaokausha damu juu ya meko? Ilihitaji Mbena kufanya kosa lile, na Mbena mwenyewe ndiye huyo, mjuaji wa darasa, ameketi na vioo sitini na viwili visivyofaa hata kupangusia viatu.

Daktari Ludlow angefika Makambako Alhamisi kukagua kazi yake. Shule ya Mjimwema ilikuwa inafunga Jumatano, na baada ya hapo watoto wangetawanyika mashambani kwa wiki nne. Kefa alimweleza Filbert yote.

Filbert alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chai.

"Sasa ndugu yangu, unalilia nini? Njombe kuna malaria?"

"Hakuna."

"Basi andika hakuna. Vioo vimesema hakuna, wewe umesema hakuna, Mungu mwenyewe anajua hakuna. Nani atabisha?"

Filbert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda Kefa, na ushauri wake ulitoka moyoni. Hicho ndicho kilichoufanya uwe mtamu. Kefa alifungua daftari la utafiti, lile la wino, lisiloruhusiwa kufutwa. Akapiga mistari. Akaandika namba moja mpaka sitini na mbili upande wa kushoto. Upande wa kulia ukabaki mweupe. Kuandika "hakuna" mara sitini na mbili kungemchukua dakika kumi. Na lingekuwa jibu sahihi, aliamini hivyo kabisa. Hata uongo usingekuwa, ungekuwa ukweli uliofika bila kupita njiani.

Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Niseme alimwogopa Mungu? Alimwogopa, ni mtoto wa kanisani. Lakini zaidi alikuwa anaona aibu kwa namna ambayo hakuizoea. Alikuwa amewatobolea watoto vidole sitini na viwili, na sasa alikuwa anataka kuwajibia bila kuwasikiliza. Akafunga daftari.

"Lori la Njombe linaondoka saa ngapi kesho?"

"Wewe una wazimu," Filbert akasema. Lakini asubuhi alimsaidia kubeba sanduku la hadubini mpaka kwenye lori, na akaliweka yeye mwenyewe mapajani mwa Kefa. Safari hii Kefa hakutaka kuwa mbali na hadubini yake hata hatua moja. Alipakata sanduku lile njia nzima, kila shimo la barabara likimpandisha roho, mpaka utingo akamuuliza kama ndani kuna mtoto.

Jumatano asubuhi uwanja wa shule ulijaa, maana siku ya kufunga wazazi huja. Mwalimu Mikaeli, hedimasta, aliwaambia watu kwamba Kefa anaomba damu tena, akampa dakika chache mbele yao. Kefa alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mazuri kuhusu umuhimu wa sayansi, lakini mama mmoja akamkata kabla hajaanza.

"Damu ya Ijumaa umeipeleka wapi, hata unataka nyingine?"

Kefa alijua maneno yanayozagaa kuhusu watu wanaochukua damu za wenzao.

"Nimeiharibu, mama," akasema. "Nilivianika vile vioo uchanjani kwa shangazi. Damu ikaiva. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Kisha mtu akaanza kucheka, mwingine akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kefa, yule Kefa wa kuwasahihisha wachungaji, amebanika damu kama mahindi! Shangazi Oktavia alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akapita mbele, akanyoosha kidole chake.

"Anza na mimi, waone haiumi. Halafu ukimaliza uniambie kama na mimi nimeiva."

Kefa akacheka pia, hakutegemea kama angeweza. Watoto wakapanga mstari. Ila swali la kukausha lilikuwa palepale, manyunyu yakipiga bati. Akawaeleza wale kina mama tatizo: tone lisiguswe na moto, lisiguswe na maji, na likauke leo. Walitazamana. Mmoja wao, bila kusema kitu, akatoka, akarudi na ungo. Wakaja wengine na nyungo zao. Wakaketi kwenye madawati ya darasa la kwanza, vioo vimepangwa mbele yao, wakawa wanapepea kama wanapepeta ulezi, huku wakiimba wimbo wa kanisani na kuulizana habari za mashamba. Kabla ya adhuhuri vioo vyote vilikuwa vikavu.

Vilikuwa sitini na kimoja, maana namba thelathini na nane hakutobolewa. Huyo alikuwa Priska, binti wa miaka minane, ambaye Ijumaa alikuwepo na leo hayupo.

"Amelala nyumbani," akasema Mwalimu Mikaeli. "Mafua tu. Mwache, sitini na mmoja si wanatosha?"

Wangetosha. Lakini Kefa alikuwa ameshachoka na mambo ya kutosha. Akaenda mpaka nyumbani kwa Priska. Mama yake, Kristina, alikuwa ameketi kando ya kitanda, na mtoto amefunikwa mablanketi matatu bado anatetemeka.

"Ni baridi, kaka Kefa," Kristina akasema. "Tangu turudi kutoka Kilosa mwezi wa nne hajaizoea. Ijumaa alikuwa anatetemeka hivihivi, nikamlazimisha aende shule."

Kefa alimkumbuka kwenye mstari. Alikuwa mmoja wa wale aliowatania kuhusu sindano. Lakini kati ya watoto sitini na wawili wanaotetemeka mwezi wa sita, nani angemtofautisha mmoja? Akachukua tone la damu, akalipepea kwa mkono mpaka likakauka, akarudi shuleni haraka. Bado alikuwa anaamini ni mafua, nisiwafiche.

Alitia rangi. Safari hii wekundu ukatoka taratibu, maji yakageuka rangi ya waridi, na Kefa akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatatu. Akaweka hadubini karibu na dirisha la ofisi ya walimu, akaanza na kioo cha Priska kwa sababu kilikuwa juu ya vingine. Akainama.

Wadudu walikuwa wamejaa. Si mmoja, si wawili wa kutafuta. Walikuwa kila mahali alipotazama, vipete vidogo vya buluu vyenye nukta nyekundu. Alihesabu mpaka mia akaacha. Katika miaka minne ya hospitali alikuwa ameona damu ya namna ile mara chache, na wenye damu hiyo wengi wao hawakufika wiki ya pili.

Alikimbia. Mwalimu Mikaeli alimwona akikata uwanja bila koti, kioo mkononi, akipiga kelele za kuita gari la zahanati. Gari halikuwepo. Walimbeba Priska kwa machela ya blanketi, Kefa mbele na baba wa mtoto nyuma, Kristina pembeni akiomba kwa Kibena. Mganga wa zahanati alisikia habari ya kioo, akamtazama mtoto, akavuta sindano ya kwinini bila kuuliza zaidi.

Kefa alirudi kwenye hadubini akasoma vioo sitini na kimoja vilivyobaki, mwanga wa dirisha ulipokwisha akaendelea asubuhi. Havikuwa na kitu. Upande wa kulia wa daftari aliandika "hakuna" mara sitini na moja, kila moja akiwa ameiona kwa jicho lake. Na kwenye ukurasa uliotangulia akaandika habari yote ya uchanja, hakupunguza neno.

Ludlow alifika Makambako Alhamisi, akamkuta Filbert peke yake. Ijumaa asubuhi Land Rover yake ilisimama mbele ya shule. Alishuka uso umekunjamana.

"Nilikuambia nitakukagua wapi?"

"Makambako, Daktari."

"Na hapa ni wapi?"

Kefa alimpa daftari. Ludlow akaketi kwenye kiti cha Mwalimu Mikaeli, akasoma. Alisoma ukurasa wa uchanja, akarudia kuusoma. Kefa alisimama, akiona mbele yake nauli na barua. Akawaza namna ya kumweleza shangazi. Akawaza chupa.

"Vioo vilivyoungua unavyo?"

Kefa akavitoa. Ludlow alitafuta namba thelathini na nane, akakiweka kwenye hadubini, akainama kwa muda mrefu akigeuza skrubu huku na huku.

"Sioni kitu," akasema.

"Hakionekani, Daktari. Ni giza tupu."

Ludlow akakitoa, akaweka kioo kipya cha Priska. Safari hii hakukaa sana. Aliinua kichwa, akavua miwani.

"Mtoto yuko wapi?"

Walikwenda pamoja. Priska alikuwa ameketi kitandani zahanati, macho makubwa, anakula uji kwa kijiko na kulalamika kwamba hauna sukari. Kristina alipomwona Kefa alisimama. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa, akautikisa tena. Kefa naye alijikuta machozi yanamtoka mbele ya mkubwa wake, wala hakujali.

Nje, kwenye manyunyu, Ludlow alifungua daftari juu ya boneti ya gari, akatoa kalamu. Chini ya ukurasa wa uchanja akatia sahihi yake na neno moja la Kiingereza, yaani amefaulu. Kisha akabaki ameshika kalamu, hajaifunga.

"Kefa, ungeandika hakuna, unajua ningefanya nini?"

"Ungenifukuza, Daktari."

"Hapana," Ludlow akasema. "Na mimi niliamini Njombe hakuna. Ningetia sahihi."

Akafunga daftari, akampa, akaingia kwenye gari. Kefa alibaki amesimama barabarani, daftari kifuani chini ya koti lisilowe. Kufaulu alikokuhangaikia miaka yote sasa kulikuwa mkononi, na furaha ilikuwepo, tele. Lakini kilichomlegeza mpaka akaketi kwenye ngazi za zahanati kilikuwa kingine: kupitia dirisha alimsikia Priska, mkaidi, sauti imerudi, akimwambia mama yake kwamba uji bila sukari hamalizi.